Kumkumbuka mtoto mchanga aliyefariki: mwongozo kamili kwa wazazi na familia

Mtoto aliyeishi saa chache tu ana mama na baba, na uzito wake umeandikwa kwenye faili. Sauti yake ilisikika, au miguu yake ilipiga teke tumboni miezi kadhaa. Ni mtoto kamili wa familia yake. Hata hivyo wazazi wengi waliofiwa na kichanga huambiwa kinyume: wasahau haraka, wasitaje jina, wasitunze chochote kwa sababu kitawaumiza. Mimi naamini kwamba kinachoumiza zaidi, miaka inapopita, ni kutokuwa na chochote cha kushika.

Wafiwa wa namna hii ni wengi kuliko tunavyosikia. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanakadiria kuwa mwaka 2022 pekee watoto milioni 2.3 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Karibu milioni 2 wengine kila mwaka huzaliwa wakiwa wameshafariki. Haya yaliyomo humu yanawahusu wote hao na familia zao.

Nimeyapanga kwa kufuata kile kinachopotea upesi zaidi. Kuna kumbukumbu zinazopatikana ndani ya saa chache tu, na kuna zinazoweza kusubiri hata miaka 20. Mkijua ipi ni ipi, mtayaacha mengi yasubiri, na nguvu kidogo mliyo nayo mtaitumia kwa yale yasiyosubiri. Kama siku hizo zimeshapita, nendeni moja kwa moja kwenye sehemu isemayo "Kama hamkubaki na kitu".

Saa za mwanzo: yale yasiyosubiri

Jambo la kwanza ni kuomba muda. Mwambieni mkunga au muuguzi, kwa maneno hayohayo: "Tunaomba tukae na mtoto wetu." Mara nyingi mtoto huondolewa upesi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza. Ndugu aliye karibu anaweza kuwasemea, kwa kuwa wazazi wenyewe huenda hawana hata sauti.

Kumshika, kumwosha, kumvalisha nguo zilizoandaliwa, kumwimbia: yote yanaruhusiwa, wala hakuna linalolazimishwa. Mzazi anayeogopa kumtazama aanze kwa kumwomba muuguzi amweleze kwanza mtoto anaonekanaje. Kisha aone mkono tu, au mguu, mtoto akiwa amefunikwa. Wengi hutaka kuona zaidi baada ya hapo. Asiyetaka kabisa, asilaumiwe na mtu yeyote, leo wala baadaye.

Ni vizuri kujua mapema mtakachokiona. Mwili hupoa, midomo huwa myeusi kidogo, ngozi hubadilika rangi na inaweza kuchubuka kirahisi, hasa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Majimaji kidogo yanaweza kutoka puani. Kitambaa laini kinatosha kuyafuta. Kichwa chake kitegemezwe vizuri muda wote, kama mngembeba akiwa hai. Chumba chenye ubaridi hupunguza kasi ya mabadiliko haya, na baadhi ya hospitali zina kitanda kidogo chenye godoro la kupoza ambalo huwezesha familia kukaa na mtoto kwa muda mrefu zaidi. Ulizeni kama kipo.

*Picha.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu picha ndicho kitu ambacho wazazi hujutia zaidi kukikosa. Huko Marekani, tangu 2005, shirika la Now I Lay Me Down to Sleep limekuwa likituma wapigapicha wa kujitolea hospitalini kwa kazi hii moja tu. Ninyi hamhitaji mpigapicha maalumu. Simu inatosha, ikishikwa na mtu ambaye mikono yake haitetemeki: shangazi, rafiki, muuguzi.

Mtoto alazwe karibu na dirisha, mwanga umwingie kwa upande. Zimeni flashi, kwa sababu humulika ngozi na kuonyesha kila alama. Anzeni na sehemu ndogondogo: kiganja chake juu ya kidole cha mama, nyayo zikiwa ndani ya viganja vya baba, sikio, nywele za kisogoni, kope. Kisha mtoto mzima akiwa amevikwa shuka, halafu akiwa mikononi mwa kila mzazi. Kama ni mapacha, na mmoja yuko hai, pigeni picha wakiwa pamoja. Atakayekua siku moja ataiomba. Kama ana kaka au dada nao wapo, waingie kwenye picha.

Piga nyingi, nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Zikibadilishwa baadaye kuwa nyeusi na nyeupe, tofauti za rangi ya ngozi hupungua sana na sura yenyewe hubaki. Rekodi pia video fupi, hata ya nusu dakika, baba akimwambia mtoto jina lake. Ikiwa wazazi wanasema hawataki picha, mtu wa karibu awaombe ruhusa ya kupiga na kuzitunza yeye, bila kuwaonyesha mpaka watakapoziuliza. Wakikataa hata hilo, basi; uamuzi ni wao.

*Nyayo na viganja.* Mnahitaji pedi ya wino, ile ya mihuri, na karatasi ngumu nyeupe. Futeni unyayo ukauke, upakeni wino mwembamba sana, kisha leteni karatasi kwenye unyayo badala ya kupeleka unyayo kwenye karatasi. Anzeni kisiginoni mkielekea vidoleni, bila kusugua. Alama ya kwanza mara nyingi huwa na wino mwingi. Ya pili au ya tatu ndiyo huonyesha mistari. Chukueni kadhaa, kwa mama, kwa baba, kwa bibi. Kama mna udongo laini wa kufinyangia, bonyezeni unyayo taratibu ndani yake. Kwa mtoto mdogo sana ambaye ngozi yake imelegea, acheni wino na mpige picha ya unyayo kwa karibu, pembeni kukiwa na rula.

*Vitu vilivyomgusa.* Ombeni kabla havijatupwa: utepe wa jina aliofungwa mkononi au mguuni, kibanio cha kitovu, kofia, shuka la kwanza, kadi iliyokuwa juu ya kitanda chake. Nywele chache zinaweza kukatwa kisogoni, ambapo hazionekani. Nguo aliyovaa msiifue. Iwekeni kwenye mfuko wa plastiki unaofungika bila kupitisha hewa; harufu yake itakaa humo kwa muda, na mama wengi huitafuta harufu hiyo wiki zinazofuata.

*Vipimo.* Uzito, urefu, mzunguko wa kichwa, saa na dakika aliyozaliwa, saa aliyofariki. Andikeni papo hapo. Kateni pia utepe wenye urefu wake kamili kutoka utosini hadi kisiginoni. Ni kitu kidogo sana, na hakina mbadala.

Jina na vyeti

Mpeni jina, lile mlilokuwa mmelichagua. Wapo wanaoshauri jina hilo litunzwe kwa ajili ya mtoto ajaye. Sikubaliani nao, ingawa naelewa wanasema kwa nia njema. Jina lilikuwa lake, nanyi mtalihitaji kila mtakapomtaja.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto aliyeonyesha dalili yoyote ya uhai baada ya kutengana na mama (kupumua, moyo kudunda, kitovu kupiga, misuli kujongea), hata kwa dakika moja na hata kama mimba ilikuwa changa, amezaliwa hai. Hilo lina maana kubwa kwenye usajili: anastahili kuandikwa kuzaliwa kwake na kifo chake pia. Hakikisheni hospitali imeandika hivyo na isimwandike kama aliyezaliwa mfu. Kwa mtoto aliyezaliwa akiwa ameshafariki, taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi. Ulizeni ofisi ya usajili ni hati gani hutolewa. Hata pale ambapo sheria haitoi cheti, hospitali inaweza kuwaandikia barua yenye jina lake, tarehe na vipimo. Baba au ndugu ashughulikie hili mapema, kwa kuwa majalada huhamishwa na muda wa usajili hupita. Ombeni nakala, na msizitumie zile halisi kama za kutembeza ofisini.

Huenda daktari akawauliza kama mnakubali uchunguzi wa mwili ili kujua sababu ya kifo. Mnaweza kukubali, kukataa, au kuomba uchunguzi usiohusisha upasuaji. Ulizeni utachukua muda gani, mtoto atarudi lini mikononi mwenu, na nani atawaeleza majibu. Wiki chache baadaye ombeni kikao na daktari, mkiwa na maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi. Maswali ya "ilikuwaje" yasipojibiwa na anayejua, kila mtu nyumbani huyajibu kivyake, na mara nyingi mama hujihukumu.

Kwa mama: maziwa yatakapokuja

Mama, sehemu hii ni yako peke yako, na ni haki yako kuelezwa kabla hujaondoka hospitalini. Mwili haujui kwamba mtoto hayupo. Kati ya siku ya pili na ya tano matiti yanaweza kujaa, yakawa magumu na ya moto. Ni wakati mchungu mno, na wengi hukutwa nao wakiwa peke yao.

Vaa sidiria inayoshika vizuri bila kukandamiza, weka kitambaa cha baridi, na kunywa dawa ya kawaida ya maumivu kama daktari ameruhusu. Matiti yakiuma sana kamua kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, kisha uache; kukamua yote huuambia mwili utengeneze mengine. Usiyafunge kwa kitambaa cha kukaza, maana njia za maziwa huziba na titi likapata uvimbe wenye maambukizi. Dawa ya kukausha maziwa ipo, lakini ni daktari tu anayepaswa kuitoa, kwani haiwafai wote, hasa wenye shinikizo la juu la damu. Baadhi ya akina mama huchagua njia nyingine: hukamua kwa muda na kuyatoa kwa benki ya maziwa ya hospitali, kwa vichanga wagonjwa, kwa jina la mtoto wao. Palipo na huduma hiyo, na kama moyo unataka, ni ukumbusho wa kweli.

Umejifungua, hata kama huna mtoto wa kumbeba, kwa hiyo unahitaji kuangaliwa kama mzazi mwingine yeyote. Rudi hospitali mara moja ukiona damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kupumua vizuri.

Kuaga na kuzika

Kila familia ina imani yake na utaratibu wake, na hapa siwezi kuwapangia. Nina ombi moja tu kwa wanandugu: msimalize maziko mama akiwa bado wodini bila kumuuliza. Kama inawezekana kusubiri, subirini. Kama haiwezekani, mpelekeni mtoto kwake amuage kwanza, kisha mrekodi maneno yanayosemwa, mpige picha mahali alipolazwa, na mwandike eneo hilo kwa usahihi ili aweze kulifikia mwenyewe atakapopata nguvu.

Kutunza mlivyonavyo

Picha za altrasaundi ndizo ziangaliwe kwanza. Nyingi huchapishwa kwenye karatasi inayochapa kwa joto, na karatasi hiyo hufifia yenyewe kwa mwanga, joto na hata kwa kugusana na plastiki. Msiipeleke kupigwa laminesheni: joto la mashine huigeuza nyeusi yote kwa sekunde moja, na haitarudi. Ipigeni picha leo kwa simu, kwenye mwanga wa mchana, kisha chapisheni nakala kwenye karatasi ya picha. Ile halisi itunzeni kwenye bahasha ya karatasi, gizani.

Picha zilizo kwenye simu moja bado hazijatunzwa. Simu huibwa na huanguka majini. Wekeni nakala mahali pawili zaidi, kwa mfano kwenye flashi na kwenye hifadhi ya mtandaoni, na chapisheni angalau chache. Mkitumiana kwa WhatsApp, zitumeni kama faili la kawaida, yaani kama hati. Zikitumwa kama picha hupunguzwa ubora. Jumbe za sauti za siku zile, pamoja na salamu za pongezi zilizotangulia na za pole zilizofuata, nazo zihifadhiwe kabla simu haijabadilishwa.

Kwa vitu vya kushikika, tafuteni sanduku lenye mfuniko, la kadibodi ngumu au mbao kavu. Karatasi zikae kwenye bahasha zake, nguo zifungwe kwa kitambaa cheupe cha pamba, vitu vya chuma visigusane na nguo kwa sababu ya kutu. Sanduku likae mbali na unyevu na jua. Ndani yake wekeni karatasi moja inayoeleza kila kitu ni nini: "Kofia hii alivalishwa na bibi yake." Leo mnakumbuka kila kitu. Baada ya miaka 15, mdogo wake atakapolifungua, ni karatasi hiyo itakayozungumza.

Lisifungwe kwa gundi wala kufichwa darini. Mahali pazuri ni pale ambapo mzazi anaweza kulifikia usiku bila kumwamsha mtu.

Kuandika habari zake

Wazazi husema, "Hatuna cha kuandika, aliishi siku mbili." Anzeni nyuma kidogo. Mlijua lini kuwa mna mimba, na nani aliambiwa wa kwanza? Alikuwa akicheza sana saa ngapi? Alituliaje baba akiongea? Mama alitamani chakula gani, na alichukia kipi? Mlimwita jina gani la utani kabla hajazaliwa? Alipozaliwa alifanana na nani? Nani alimshika, kwa mpangilio upi? Alifungua macho? Alishika kidole cha nani?

Kila mtu aandike yake, kwa mkono wake, bila kusahihishana. Baba anayeshindwa kuandika arekodi sauti. Muuguzi aliyekaa naye usiku anaweza kuwa na jambo dogo ambalo hakuna mwingine anayelijua, na wengi wao hufurahi kuulizwa. Yaandikeni mapema, kwa sababu mshtuko hufuta mengi. Wazazi wengi hugundua baada ya mwezi kwamba hawakumbuki hata mpangilio wa siku yenyewe.

Mnaweza pia kumwandikia yeye, barua, wakati wowote. Mwaka 1996 watafiti Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walipinga wazo lililotawala kwa muda mrefu, kwamba mfiwa hupona kwa kukata uhusiano na marehemu. Walionyesha kwamba watu wengi huendelea kuwa na uhusiano na waliowapenda, na kwamba huo si ugonjwa. Mama anayemsimulia mwanawe aliyefariki habari za nyumbani hajarukwa na akili.

Kama hamkubaki na kitu

Pengine mtoto aliondolewa kabla hamjamwona, au mlikataa picha kwa uchungu, au ilikuwa miaka mingi iliyopita ambapo hakuna aliyeuliza. Bado yapo ya kufanya.

Andikeni barua kwa hospitali mkiomba taarifa zilizomo kwenye faili la mama na la mtoto: uzito, urefu, saa, jina la wodi. Faili hutunzwa kwa miaka kadhaa kisha huharibiwa, hivyo msichelewe. Baadhi ya wodi hupiga picha na kuziweka bila familia kujua, ulizeni. Waulizeni ndugu mmoja mmoja kama kuna aliyepiga kwa simu na kunyamaza. Tafuteni kadi ya kliniki, risiti, picha yoyote ya mama akiwa mjamzito. Picha ya tumbo ni picha ya mtoto pia.

Mkipata uzito, mnaweza kushona mfuko mdogo wa kitambaa na kuujaza nafaka kavu hadi ufikie uzito uleule. Kuubeba mikononi huleta machozi, na baadhi ya wazazi husema ndiyo mara ya kwanza walipata nafuu ya kifua. Mkipata urefu, kateni utepe. Mkikosa vyote, mchoraji anaweza kuchora mikono miwili ya wazazi ikiwa imeshika ndogo. Na mnaweza kumpa jina leo, hata kama angekuwa na umri wa miaka 30 sasa.

Nyumbani, kila mmoja na huzuni yake

Chumba alichoandaliwa, nguo, beseni, kitanda: visiguswe kabla mama hajarudi. Ndugu hukimbilia kuviondoa wakidhani wanamwokoa, naye hukuta nyumba imefutwa. Yeye na mwenzake waamue lini, na kipi kibaki. Hakuna tarehe ya mwisho.

Baba mara nyingi huulizwa, "Mama anaendeleaje?" na hakuna anayemuuliza yeye. Hushughulikia karatasi, mazishi na wageni, kisha hurudi kazini, na mkewe huweza kudhani hajali. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huyumba kati ya hali mbili: kuikabili huzuni, na kushughulika na maisha yanayoendelea. Wenzi wawili mara chache huwa upande mmoja kwa wakati mmoja. Mkilijua hilo mtagombana kidogo. Tengeni muda mfupi, mara moja kwa wiki, wa kumzungumzia mtoto tu, na siku zote nyingine kila mmoja awe huru kutozungumza.

Bibi na babu wana uchungu wa pande mbili, wa mjukuu na wa mtoto wao wanayemwona akilia. Wapeni kazi ya kumbukumbu: kushona kitambaa, kutunza nakala ya nyayo, kusimulia.

Watoto wengine wa nyumbani waambiwe ukweli mapema, na mzazi, kwa maneno mafupi: "Mdogo wako amekufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu wala baridi. Hatarudi. Si kosa lako, wala hakuna jambo ulilosema au kuwaza lililosababisha." Msiseme amelala, maana mtoto huweza kuanza kuogopa usingizi, msiseme tumempoteza, ataanza kumtafuta. Chini ya miaka mitano hivi, wengi hawajaelewa kuwa kifo ni cha moja kwa moja, kwa hiyo ataliuliza swali lilelile kesho na keshokutwa. Mjibuni vilevile. Akicheza dakika tano baada ya kulia, hajasahau. Aruhusiwe kuchora picha au kuchagua kitu cha kuweka sandukuni.

Tarehe, na swali la "una watoto wangapi?"

Siku mbili huwa nzito: siku ya kuzaliwa kwake na siku mliyotarajia azaliwe. Mara nyingi wiki inayotangulia ni ngumu kuliko siku yenyewe. Amueni mapema mtafanya nini, hata kama ni kidogo sana: kwenda kaburini, kupanda mti, kutoa nguo kwa wodi ya vichanga, kupiga picha ya familia mkiwa na kitu chake kimoja mkononi.

Kuna pia siku ambazo wafiwa wa nchi nyingi hukumbuka pamoja. Mwaka 1988 Rais Ronald Reagan wa Marekani alitangaza Oktoba kuwa mwezi wa kukumbuka mimba na watoto wachanga waliofariki, na leo tarehe 15 Oktoba watu wengi huwasha mshumaa saa moja jioni kwa saa za kwao, mwanga ukizunguka dunia kutoka nchi moja hadi nyingine. Jumapili ya pili ya Desemba hufanyika jambo kama hilo kupitia The Compassionate Friends, umoja wa wazazi waliofiwa ulioanzia Uingereza mwaka 1969.

Mtu atakapouliza una watoto wangapi, andaa majibu mawili. La kwanza kwa mpita njia: "Nina wawili nyumbani." La pili kwa unayemwamini: "Nina watatu, wa pili alifariki akiwa na siku nne." Kutomtaja mbele ya mgeni si kumkana. Na mtoto mwingine akija, aambiwe tangu mwanzo kwamba ana ndugu aliyemtangulia, ili akue akiwa yeye mwenyewe, bila kupewa nafasi ya mwenzake wala vazi lake la siku ile.

Huzuni inapohitaji msaada zaidi

Kulia, kukosa usingizi, kusikia sauti ya mtoto usiku, mikono kuuma kwa kutamani kubeba, wivu kwa mjamzito barabarani: haya huwapata wengi wiki za mwanzo. Tafuteni daktari au mshauri nasaha ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo mtu hawezi kula, kuinuka wala kujihudumia, anajilaumu bila kukoma, au anatumia pombe kujizima. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linatambua pia huzuni inayoendelea kumlemaza mtu kwa zaidi ya miezi 6; nayo ina tiba. Anayesema anataka kumfuata mtoto asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa ndugu na marafiki

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo msijaribu kuupima. Maneno haya yaacheni: "Utapata mwingine." "Afadhali hamkumzoea." "Angalau unaye mkubwa." "Jikaze." Hata "Mungu alimpenda zaidi" liacheni alitamke mzazi mwenyewe kama ni faraja kwake.

Semeni jina lake. Ulizeni: "Alikuwa anafanana na nani?" Ombeni kuona picha, na mkioneshwa, mtazameni kama mngemtazama mtoto yeyote, mseme mlichokiona: vidole virefu, nywele nyingi. Msiseme "niambie ukihitaji kitu". Fueni nguo, pelekeni watoto shule, pikeni. Wekeni tarehe yake kwenye kalenda ya simu, irudie kila mwaka, na siku hiyo mtume ujumbe mfupi: "Leo namkumbuka pamoja nanyi," ukifuatiwa na jina lake. Msisubiri wajibu.